Nilimhudumia Bibi wa Kiyahudi London miaka minne. Karibuni jikoni

BintiMuheza (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu watu wanakabana koo kuhusu Uyahudi, kurasa tisa. Huyu anamwaga mistari, yule anamwaga siasa za Mashariki ya Kati, na sikuona hata mmoja aliyewahi kukaa meza moja na Myahudi. Siasa mimi siziwezi, naomba zisiletwe hapa. Ninachokijua ni jiko lao.

Nimebeba boksi Uingereza miaka kumi na moja. Kuanzia 2014 hadi 2018 nilikuwa nalala kwa bibi mmoja Golders Green, kaskazini mwa London, mtaa uliojaa Wayahudi wa dini. Nilimkuta ana miaka 86. Mguu mmoja hautaki kazi, mdomo unafanya kazi ya miguu yote miwili. Nitamwita Bibi tu.

Siku ya usaili nilijiandaa kuulizwa vyeti na kama naweza kunyanyua mgonjwa. Binti yake akanipeleka moja kwa moja jikoni. Sinki mbili. Kabati mbili za sahani. Sufuria upande huu, sufuria upande ule, mpaka vitambaa vya kukaushia vyombo vimetengana. Chenye alama nyekundu ni cha nyama, chenye bluu ni cha maziwa. Akaniambia, "Utakosea tu. Ukikosea usifiche."

Siku ya tatu nikakosea. Supu ya kuku iko motoni, mimi nimeikoroga na kijiko cha bluu. Bibi kaniona. Hakupiga kelele, akaomba simu, akampigia rabi, yaani mwalimu wao wa sheria za dini. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Kumbe rabi naye anauliza kama fundi gari: kijiko ni cha chuma au cha mbao? Mara ya mwisho kuguswa na maziwa ya moto ni lini, saa 24 zimepita? Supu iliyomo inafika mara sitini ya kijiko? Nikajibu yote. Hukumu ikatoka: supu nyweni, kijiko kikae siku nzima bila kutumika, kisha kichovywe kwenye maji yanayotokota.

Mimi nimelelewa kanisani, kwetu unaanza na kukiri imani, matendo yanafuata. Hawa wanaanzia kwenye kijiko. Ukimuuliza Bibi "mnaamini nini" anakutazama kama umemuuliza bei ya mawingu. Muulize "hiki kinafanywaje", hapo mtakesha.

Sheria yenyewe inatoka kwenye Torati, kwamba usimpike mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Imerudiwa mara tatu, Kutoka mara mbili na Kumbukumbu la Torati mara moja. Wahenga wao wakasema haikurudiwa bure: usipike nyama na maziwa pamoja, usile pamoja, wala usifaidike na mchanganyiko huo. Kisha wakaongeza kuku, ingawa kuku hana maziwa, ili mtu asije akazoea akateleza. Hiyo wanaiita kujengea Torati uzio. Ukishajua habari ya uzio, mambo yao mengi yanafunguka.

Na baada ya nyama unasubiri ndipo unywe chai ya maziwa. Bibi, kwa kuwa kwao ni Ujerumani, alisubiri saa tatu. Mkwe wake, ambaye wazee wake walitoka Poland, saa sita. Meza moja, kila mtu na saa yake, na hakuna anayemwambia mwenzake kakosea. Mila ya wazazi nayo ni sheria.

Ulizeni, nikimaliza zamu za usiku nitajibu.

KijanaWaKibokoni

Dada, uzi mtamu. Swali kutoka Mombasa: hiyo kosheri yao, yaani chakula kinachoruhusiwa na dini yao, na halali yetu si kitu kimoja? Na kamba, pweza, ngisi je?

BintiMuheza

Ndugu yangu, kwenye kamba utalia. Cha majini lazima kiwe na mapezi na magamba. Kwa hiyo changu sawa, sato sawa, sangara sawa. Kamba, kaa, pweza, ngisi, chaza, papa, taa, vyote nje. Na kambale wetu nje, hana magamba.

Halali na kosheri ni binamu, si pacha. Nguruwe wote mnamkataa. Kuchinja kunafanana, kisu kikali na mkono mmoja wa haraka, ila wao mchinjaji lazima awe amesomea, na anapitisha ukucha kwenye makali kabla na baada, akihisi hata pengo dogo mnyama huyo haliwi. Ngamia kwenu halali, kwao haramu: anacheua lakini kwato zake hazikupasuka kama inavyotakiwa. Mvinyo kwenu haramu, kwao ndio unaombewa baraka kila Ijumaa jioni.

Damu ndiyo hawataki kabisa. Nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi kubwa, inakaa saa nzima inavuja, halafu inaoshwa. Sikuhizi bucha zao zinakufanyia, lakini Bibi alinifundisha kwa mikono yangu "usije ukasema hukujua". Yai nalipasua kwenye glasi kwanza. Likiwa na tone la damu, linakwenda pipani. Na kabichi! Inafunguliwa jani moja moja mbele ya taa kutafuta vidudu. Nimekagua kabichi kuliko afisa wa forodha.

MsabatoWaMara

Bwana asifiwe mleta mada. Sisi tunaitunza Sabato pia, Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Tunafanana nao au vipi?

BintiMuheza

Amina mtumishi. Mwanzo mnafanana, mwisho wao wanachelewa kidogo, wanasubiri nyota tatu zionekane. Na Ijumaa mishumaa inawashwa dakika 18 kabla jua halijazama. London hiyo ni balaa. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, unapika huku unakimbizwa. Juni unakaa mpaka saa tatu usiku na ushee ndipo Sabato inaingia, na kutoka kwake kesho yake tayari mnasinzia.

Hapa niseme kitu kilichonifurahisha. Bibi alinieleza kwa taabu kwamba siku inaanza jioni, kwa sababu Mwanzo inasema ikawa jioni ikawa asubuhi. Nikamwambia mbona hilo nalijua. Bibi yangu mzaa mama Tanga akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Na siku za Kiebrania hazina majina, zinahesabiwa kama zetu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ila wao wanaanzia Jumapili ili Sabato iangukie ya saba. Nikamhesabia Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Akacheka mpaka akakohoa: "Kwa hiyo nyie siku yenu ya kwanza ndiyo yangu ya mwisho!"

Sasa kazi. Wana kazi 39 zilizokatazwa, zilizotolewa kwenye zile kazi za kujenga hema ya kukutania kule jangwani: kulima, kukanda, kushona, kuandika, kuwasha moto, kuzima moto, kubeba kitu kutoka ndani kwenda barabarani. Kila kazi ina watoto wake. Umeme wanauweka humo. Kuchana nako kumo, ndiyo maana Ijumaa mchana moja ya kazi zangu ilikuwa kuchana karatasi za chooni vipande vipande na kuzipanga kwenye kikapu. Taa ya friji nailegeza, maana ukifungua mlango inawaka. Taa za sebuleni ziko kwenye saa ya umeme, zinajizima zenyewe. Kuna sahani ya umeme ya kupashia chakula inawashwa kabla na haiguswi. Kesho yake mchana mnakula cholenti iliyolala motoni usiku kucha: maharage, shayiri, viazi, nyama ya mafuta. Ile harufu saa kumi na moja alfajiri, ukiwa umeamka kumgeuza mgonjwa, sijui niifananishe na nini. Labda na makande ya mama siku ya baridi Lushoto.

Mezani kuna mikate miwili ya kusukwa, inaitwa chala, imefunikwa kitambaa. Miwili kwa sababu mana jangwani siku ya sita ilianguka maradufu. Mkwe anaimba Mithali 31, ile ya mke mwema, anamwimbia mkewe mbele ya watu wote. Wanaume wa humu mnasikia?

Mimi si Myahudi, kwa hiyo mimi naweza kuwasha. Lakini yeye haruhusiwi kuniamuru. Basi ni mafumbo. Bibi anakaa kitandani anasema kama anaongea na ukuta, "Humu ndani leo kuna giza." Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa namjibu, "Kweli Bibi, kuna giza," naendelea na shughuli zangu.

Mzee_wa_Hoja

Mleta mada usikasirike. Huu si unafiki? Huruhusiwi kuwasha taa lakini unamtegea mwenzako aiwashe. Nimesikia pia wanazungusha waya mtaa mzima ili waruhusiwe kubeba vitu. Mungu anadanganywa na waya?

BintiMuheza

Sikasiriki mzee, swali hili nililiuliza mwenyewe.

Kwanza huo waya. Unaitwa eruvu, na wa pale kwetu umekuwepo tangu 2003. Ni nguzo ndefu na uzi mwembamba juu, ukipita hata hujui upo. Ndani yake mtaa unahesabika kama ua mmoja, kwa hiyo unaweza kubeba mtoto au kusukuma kiti cha magurudumu. Bila waya ule, kwa jinsi alivyokuwa anaishika sheria, Bibi angekuwa anabaki ndani kila Sabato. Kuna watu mtaani hawaukubali, nao wanabaki nyumbani na watoto wao. Mimi nilikuwa namsukuma mpaka sinagogi Jumamosi asubuhi, na akifika kwenye nguzo ya kona anaigusa kidogo kwa macho, kama unavyomsalimia jirani.

Nilipomuuliza mkwe wake kuhusu ujanja, alijibu hivi: aliyetunga sheria alijua aliacha milango wapi, kuitafuta na kuipita ni namna ya kumheshimu. Mimi sikuridhika. Lakini usiku ule akanisimulia kisa kimoja cha Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha mijadala ya sheria, nacho sijakisahau.

Marabi walikuwa wanabishana kuhusu tanuri, safi au najisi. Rabi Eliezeri peke yake anasema safi. Hoja zake zote zikakataliwa. Akasema, kama nina haki mti huu uthibitishe. Mti ukang'oka ukahama. Wakamwambia mti si ushahidi. Akasema mfereji uthibitishe, maji yakarudi nyuma. Wakasema maji si ushahidi. Kuta za shule zikaanza kuinama. Mwisho sauti ikatoka mbinguni: mnabishana nini na Eliezeri, ana haki. Hapo Rabi Yoshua akasimama akanukuu Torati yenyewe: "Haiko mbinguni." Yaani sheria tulishapewa Sinai, sasa inaamuliwa huku chini kwa kura ya wengi. Na Mungu alifanya nini? Kisa kinasema alicheka, akasema wanangu wamenishinda.

Mzee, mimi nilishtuka. Kwetu mtu akisikia sauti kutoka mbinguni anafungua kanisa.

Na jambo la mwisho hapa. Sabato moja Bibi alianguka bafuni, kichwa kikapiga beseni. Nimesimama na simu mkononi nasitasita, maana nimeshafundwa. Akafungua jicho moja: "Piga simu, mjinga wewe!" Uhai ukiwa hatarini Sabato inavunjwa, tena anayesitasita ndiye mwenye kosa. Binti yake alipopata habari alikuja na gari, mchana wa Sabato, yeye ambaye hagusi hata swichi.

MamaKev

Hahaha "piga simu mjinga wewe". Mimi nataka kujua imani sasa. Pepo ipo? Jehanamu? Masihi?

BintiMuheza

Kwa kifupi maana mwenye nyumba mwenyewe alikuwa mfupi hapo. Mungu mmoja, asiye na umbo wala mwenza. "Sikia, Ee Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja." Wanaisema asubuhi na jioni, watoto wanafundishwa wakiwa wadogo, na mtu akikata roho hayo ndiyo maneno ya mwisho. Imeandikwa pia kwenye ngozi ndani ya kile kijumba kwenye miimo ya milango, mezuza, wanakigusa na kubusu vidole wakipita. Torati ni vitabu vitano vya Musa, na amri wanazihesabu 613. Kuna orodha ya imani 13 aliyoiandika Maimonide, daktari na mwanasheria aliyezaliwa Hispania na kufa Misri mwaka 1204. Masihi yumo humo, bado wanamsubiri. Yesu kwao si Masihi, hilo linajulikana. Ufufuo umo. Jehanamu kwao, kwa wengi, ni mahali pa kutakaswa, muda wake hauzidi miezi 12, si milele.

Na si wote wa namna moja. Kuna kundi la marekebisho (Reform), hao wanaendesha gari Sabato na wana marabi wanawake. Dada yake Bibi alikuwa huko, walikuwa wanabishana kwa simu kila siku isipokuwa Jumamosi.

Nilimuuliza Bibi akifa anakwenda wapi. Akasema, "Nitajua nikifika. Sufuria ya nyama umeiweka wapi?"

JiraniWaMbale

Nimesoma nikafurahi. Mimi niko Mbale, Uganda, Kiswahili changu mtanisamehe. Wengi hamjui Wayahudi tunao hapa kijijini, Waafrika kabisa, wanaitwa Abayudaya. Babu yetu mmoja, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka huku mashariki, kisha wakamvunja moyo. Akakaa na Biblia ya Kiganda, akaona Agano la Kale ndilo lake. 1919 akajitahiri, akatahiri na wanawe. Alikufa 1928. Wakati wa Amin dini ile ilipigwa marufuku, watu wakasali kwa kificho, wengi wakaacha. Leo wako kama elfu mbili. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles, akawekewa mikono 2008, na 2016 akaingia bungeni. Ukienda mlima wa Nabugoye Ijumaa jioni utasikia Zaburi kwa Luganda. Pia 2004 ulianzishwa ushirika wa kahawa, Wayahudi, Waislamu na Wakristo wakauza pamoja.

Shida ni kwamba si Wayahudi wote duniani wanawakubali. Wengi walitumbukizwa majini 2002, ndiyo kuingizwa dini rasmi, mbele ya marabi wa kundi la kati (Conservative), na wale wa dini kali wanasema haitoshi.

BintiMuheza

Asante sana jirani. Kuhusu kuingia dini, ni kweli hawahubiri mlangoni kwa mtu. Anayetaka, rabi anamkatisha tamaa kwanza. Myahudi kwa wale wa kina Bibi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia kwa baraza la marabi watatu, kuzamishwa, na tohara kama ni mwanamume.

KijanaWaKibokoni

Na Pasaka? Ile ya kwao si ya Yesu.

BintiMuheza

Si ya Yesu, ni ya kutoka Misri. Wiki nzima, na nje ya Israeli siku nane, hakuna chachu ndani ya nyumba. Si kutokula tu, isiwepo. Tulianza kusafisha mwezi mzima kabla. Mifuko ya makoti inageuzwa, kochi linang'olewa mito, zile seti mbili za vyombo nilizosimulia zinafungiwa, zinatolewa nyingine mbili za Pasaka tu. Hesabuni wenyewe.

Whisky ya marehemu mumewe haikumwagwa. Kabati lilifungwa kwa gundi ya karatasi, na rabi akaiuza kwa mtu asiye Myahudi, kwa mkataba halali kabisa, siku nane baadaye ikanunuliwa tena. Mzee wa Hoja najua unacheka huko.

Usiku wa kuamkia mkesha kuna kuwinda chachu kwa mshumaa na unyoya. Ili kuwe na cha kupata, mtu anaficha vipande kumi vya mkate. Mwaka wa kwanza nilipewa mimi kuficha. Tukapata tisa. Nikakaa chini nikashika kichwa, cha kumi sikumbuki hata kidogo. Saa tano usiku mkwe anatambaa chini ya meza na mshumaa. Mwisho Bibi akasoma maneno ya Kiaramu ambayo husomwa kila mwaka: chachu yoyote nisiyoiona ihesabike kama mavumbi ya nchi. Akafunga kitabu, akasema, "Wanaume wenye hekima walikujua kabla hujazaliwa." Kipande nilikipata Juni, ndani ya kiatu changu cha mvua.

MamaKev

Umesema "alikuwa". Bibi hayupo?

BintiMuheza

Hayupo. Alifariki 2018, Jumanne alfajiri, mimi nimeshika kopo la maji.

Alikuja Uingereza mwaka 1939 na zile treni zilizowaokoa watoto wa Kiyahudi kutoka kwa Wanazi, na sanduku moja, akiwa na miaka kumi na moja. Wazazi wake walibaki Ujerumani. Kwa mila yao Myahudi huwasha mshumaa wa saa 24 siku aliyokufa mzazi wake. Yeye siku hakuijua, akachagua siku moja ya kufunga kwenye kalenda yao, inayoangukia majira ya baridi, akawasha miwili kila mwaka. Mwaka wa mwisho mkono ulitetemeka, nikaushika wangu juu ya wake.

Mwili haukuachwa peke yake hata dakika. Wanawake wa kujitolea wakaja kumwosha, sanda nyeupe ya kawaida, jeneza la mbao tupu, bila maua. Kesho yake akazikwa. Tajiri na maskini sanda ni ile ile. Binti yake akachanwa nguo upande wa moyo, naye akaivaa hivyo hivyo.

Kisha siku saba za kukaa, shiva. Viti vifupi karibu na sakafu, vioo vimefunikwa, mlango haufungwi kwa komeo. Mlo wa kwanza baada ya makaburini unaletwa na majirani, mayai ya kuchemsha na mikate ya mviringo, mfiwa hali cha kwake. Anayeingia hasalimii, anakaa kimya mpaka mfiwa aseme neno. Nilikuwa nawaza tutafanyaje chai ya watu wote hawa, nikakuta jikoni wanawake wa mtaa wameshateka usukani, na hakuna aliyechanganya kijiko. Matanga kabisa, imekosekana turubai tu.

Siku ya pili binti akavuta kiti kimoja kifupi, akaniwekea kando yake. Mimi nimezoea kusimama mlangoni. Hakusema kitu, na mimi sikusema, nikakaa.

MsabatoWaMara

Pole sana dada. Alale salama.

KijanaWaKibokoni

Pole dada yangu. Ukipata nafasi tuwekee vipimo vya ile cholenti, nijaribu na nyama ya ng'ombe ya hapa Marikiti.

BintiMuheza

Nitaweka kesho, leo naingia zamu. Loweka maharage na shayiri kuanzia usiku wa leo.